Picha Ikikatika, Sauti Nayo Ikatike

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mwanamume mrefu mwenye shati la kijivu anasimama mbele ya kamera katika kibanda namba moja na kuhesabu kwa vidole, moja hadi ishirini, bila kutoa sauti. Akimaliza anavuka ukumbi, anachukua tableti iliyoegemezwa dirishani na kutazama video ya vidole vyake mwenyewe, ambayo imetoka nje ya jengo, ikazunguka huko inakokujua yenyewe, kisha ikarudi. Anaangalia kama kuna kidole kilichopotea njiani.

Leo vimetimia. Anahamia kibanda namba mbili na kuanza upya.

"Mitambo ya kupima mtandao ipo, na mimi ninayo," anasema huku akipangusa kioo cha kamera kwa pindo la shati. "Lakini mtambo unakupa namba tu. Mimi nataka kuona mkono."

Vibanda ni saba, kila kimoja na kitambaa cha buluu ukutani, taa mbili na kiti kimoja. Saa mbili kamili wakalimani wa lugha ya alama wataketi humo, wamevua pete na bangili, wamevaa nguo za rangi moja zisizo na maua, na kuanza kupokea simu za video kutoka hospitali, mahakama, benki na shule. Kiziwi akiwa mbele ya daktari, mkalimani huonekana kwenye tableti iliyowekwa mezani kati yao. Daktari akisema, mkalimani anaonyesha kwa mikono. Kiziwi akijibu kwa mikono, mkalimani anatamka. Kwa siku zinaingia simu kama tisini.

Kazi ya mwanamume huyu ni kuhakikisha kwamba mikono hiyo inafika. Ana miaka thelathini na minane, na wenzake wanamwita Trafiki, kwa sababu toka asubuhi hadi jioni anaongoza magari asiyoyaona, bila sare wala filimbi. Ofisi yake ilikuwa stoo ya mafagio. Watu wawili wanaenea humo, mradi wakubaliane kupumua kwa zamu.

Leo ana wasiwasi usiofichika. Chai yake imepoa nusu kikombe na ameshauliza saa mara tatu, ilhali saa iko mkononi mwake. Saa nne kamili, mmoja wa watakaopiga simu kutoka hospitali ya macho atakuwa mama yake mzazi.

Mama huyo ana miaka sitini na mitatu. Aliugua akiwa na miaka miwili, na tangu hapo hajasikia kitu. Jicho lake la kulia limekwisha kwa presha ya macho, na la kushoto limeanza kufuata njia hiyo. Leo daktari atamweleza kuhusu operesheni inayoweza kuliokoa jicho lililobaki au kulimaliza kabisa, kisha atamuuliza kama anakubali. Mama anasikia kwa macho. Hilo la kushoto likienda, lugha yake inaenda nalo.

Na Trafiki anajua, wala hafichi, kwamba yeye ana mkono katika kupotea kwa jicho la kulia.

Ili kuelewa ilivyokuwa, inabidi kwanza kuelewa kinachofanyika kwenye stoo ya mafagio. Mwandishi wa makala haya, ambaye mpaka juzi alijua kwamba intaneti ni kitu kinachotoka ukutani, alihitaji kuelezwa mara mbili.

Watu wengi, Trafiki alieleza, wanavuta vitu kuja kwao. Wanatazama mpira, wanasoma habari, wanashusha nyimbo. Kwa hiyo kampuni za intaneti huwauzia barabara pana ya kuingilia na kichochoro cha kutokea, na hakuna anayelalamika. Kituoni hapa mambo ni kinyume. Kinachowaumiza vichwa ni kinachotoka: jozi saba za mikono zinazotoka kwa wakati mmoja, kila moja ikitaka nafasi yake, wala hakuna hata moja inayoweza kusubiri.

Laini moja haiwezi kubeba jozi saba. Hivyo kituo kina laini tatu. Ya kwanza ni kebo inayopita chini ya barabara. Ya pili ni ya dishi lililo juu ya paa, linalotazamana na mnara wa upande wa pili wa mji. Ya tatu ni kisanduku kidogo chenye kadi ya simu, kinachokula bando kama mchwa. Zote tatu kwa mwezi zinagharimu kuliko mishahara ya wakalimani wawili, na kila bajeti inapoandaliwa msimamizi wa kituo huuliza kama kweli haiwezekani kuachana na moja.

Ruta iliyo kwenye rafu ndiyo inayoamua mzigo gani utokee mlango upi. Lakini inaamua kama ilivyoagizwa.

"Watu wanadhani ina akili," Trafiki anasema. "Haina. Ina utii tu. Ukiiagiza ujinga, itaufanya usiku na mchana bila kuchoka."

Yeye mwenyewe anasikia vizuri. Baba yake, aliyekuwa seremala, na mama yake, mshonaji wa kupunguza na kukunja nguo za watu, wote walikuwa viziwi. Alipofika miaka mitano ndiye aliyekuwa akizungumza na muuza duka. Alipofika miaka saba aliitwa shuleni kutafsiri kikao kati ya mwalimu wake na mama yake, kikao kilichomhusu yeye mwenyewe.

"Mwalimu alisema mimi ni mvivu na mtundu," anakumbuka, akicheka kwa aibu ya mtu mzima. "Mama akaambiwa mimi ni mchangamfu. Mwalimu akashangaa kumwona mama anafurahi."

Mengine hayachekeshi. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipolazwa. Asubuhi moja muuguzi alitoka wodini, akamwona mama na mtoto wamekaa, akainama kwa mtoto na kumwambia amweleze mama kwamba baba amefariki. Kisha akaenda zake, maana alikuwa na kazi nyingine.

Mtoto aligeuka kwa mama yake. Mikono ilikataa. Hatimaye akamwambia kwamba baba anapumzika, na daktari amesema warudi nyumbani. Wakarudi. Mama aliijua habari alipofika mlangoni kwake na kukuta majirani wameanza kupanga viti nje. Alimtazama mwanawe, akaingia ndani kubadili nguo. Jambo hilo halikuzungumzwa tena kwa miaka ishirini na nane.

Alipomaliza shule alitengeneza simu chini ya ngazi za jengo moja la maduka, kisha akavuta nyaya za mtandao kwa miaka kumi na moja, kwenye mahoteli na maghala. Kituo kilipofunguliwa miaka sita iliyopita aliomba kazi siku ya kwanza, ingawa mshahara ulikuwa pungufu kwa robo nzima. Mkewe alimuuliza kama ana homa.

Kosa lilitokea mwaka jana, na lilianza kama sifa.

Hapo awali kila kibanda kilikuwa na laini yake. Vitatu vilitumia kebo, vitatu dishi, kimoja kadi ya simu. Vya kebo vikizidiwa, video zake ziligandaganda hata kama dishi halina kazi. Wakalimani walilalamika. Trafiki akakaa na ruta yake siku nne akaipa agizo jipya: kila mkondo unaotaka kutoka, utoke kwa zamu, wa kwanza kwenye kebo, wa pili kwenye dishi, wa tatu kwenye kadi, kama mtu anayegawa karata. Mzigo ukalingana. Video zikatulia. Msimamizi alinunua soda kwa kituo kizima, na Trafiki akatembea wiki hiyo kifua mbele.

Kitu kimoja hakukifikiria. Kwa binadamu, simu ya video ni kitu kimoja. Kwa ruta ni mikondo miwili, wa picha na wa sauti, ambayo haijuani wala haina undugu. Ilipogawa kwa zamu, mara nyingine ilitoa picha kwa mlango mmoja na sauti kwa mlango mwingine. Njia zote zikiwa nzima, hakuna aliyeweza kugundua.

Kulikuwa na kosa la pili lililolificha la kwanza. Kila sekunde chache ruta iliuliza kila laini kama ipo hai. Kwa upande wa dishi, Trafiki alikuwa ameiagiza iulize dishi lenyewe, lile la juu ya paa. Dishi likajibu kwamba lipo. Na kweli lilikuwepo, hatua ishirini kutoka stoo. Mnara lililokuwa likizungumza nao ndio uliokuwa umezimika.

Siku hiyo mama alikuwa hospitali ya macho kwa mara ya pili. Picha ya mkalimani ilikuwa inapita kwenye dishi, sauti inapita kwenye kebo. Mnara ulipozimika, mkalimani alibaki kwenye tableti ameinua mkono karibu na kidevu, mdomo nusu wazi, hatikisiki. Lakini yeye kule kibandani alikuwa anaendelea na kazi, maana alimwona mama vizuri na kumsikia daktari vizuri. Alionyesha kila neno: dawa ya matone kila jioni bila kukosa, kurudi baada ya wiki mbili, na kwamba asipofanya hivyo jicho litakwenda. Mwisho akamuuliza mama kama ameelewa.

Mama akaitikia kwa kichwa. Mkalimani akatamka, "Ndiyo, nimeelewa." Daktari akaisikia sauti hiyo safi kabisa, akaandika cheti cha dawa, akamwita mgonjwa mwingine.

Nilimuuliza mama huyo kwa nini aliitikia. Tulikuwa nyumbani kwake, juma moja kabla ya leo, na msimamizi wa kituo ndiye aliyenitafsiria. Mama alicheka kwanza.

"Nilidhani mkalimani anafikiri," alisema. "Nikaona nisimharakishe. Halafu daktari akawa ananitazama. Nyie mnaosikia mkimtazama mtu hivyo mnataka aitikie, mfurahi, muendelee na kazi zenu. Nimeitikia hivyo maisha yangu yote."

Zilipita wiki tisa. Jioni moja Trafiki alikuwa kwa mama yake akamwona anamimina chai pembeni ya kikombe. Akamuuliza kama ameweka dawa ya macho leo. Mama akauliza dawa gani. Trafiki akafungua kopo la bati ambamo mama huweka karatasi zake zote, akakuta cheti kimekunjwa vizuri, safi. Mama, ambaye hakupata shule ya kutosha kuusoma mwandiko wa daktari, alidhani ni karatasi ya kutunzwa mpaka atakapoitwa tena.

Asubuhi yake alifungua kumbukumbu za ruta. Dakika sita na sekunde arobaini, sauti ikitoka, picha haitoki.

"Nilisoma tarehe na saa mara tatu," anasema. "Nilitamani iwe simu ya mtu mwingine. Halafu nikaona aibu kwa kutamani hivyo. Mtu mwingine ni nani? Naye ana mtoto wake."

Alimwambia msimamizi kabla ya chai ya saa nne. Kituo kikaandikia hospitali, kikapitia simu zote za miezi hiyo, na kukuta nyingine kumi na moja zilizopatwa na hali hiyohiyo, ingawa kwa sekunde chache. Wote kumi na mmoja walipigiwa. Daktari wa macho alisema sehemu ya ugonjwa ingeendelea hata kwa dawa, na hakuna awezaye kupima ni kiasi gani. Trafiki hajajificha nyuma ya maneno hayo, na nadhani hatajificha.

Jioni akaenda kumwambia mama. Anasema hakupunguza wala kulainisha kitu, labda kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mama alisubiri mpaka alipomaliza.

"Hii ni mara ya pili," akamwambia. "Mara ya pili habari yangu inakufa mikononi mwako."

Trafiki alielewa mara ya kwanza ni ipi. Miaka yote hiyo alikuwa amejidanganya kwamba mama amesahau, au hakujua. Siku hiyo walilizungumza la baba mpaka chakula kikapoa. Mama hakuwa na hasira, na alimwambia hivyo. Alimwambia mtoto wa miaka tisa hakupaswa kupewa mzigo ule. Ila akamwekea sharti: kuanzia leo, jambo lolote la afya yake halipitii kwa mwanawe.

"Nataka kuambiwa na mtu asiyenipenda," alisema.

Kesho yake Trafiki aliifungua ruta upya. Aliagiza kwamba simu moja, na vyote vilivyomo, itoke kwa mlango mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mzigo bado unagawanywa kwenye laini tatu, ila sasa kinachogawanywa ni simu nzima nzima. Kipimo cha uhai nacho hakiulizi dishi tena, kinakwenda mbali kabisa kubisha hodi kwenye seva iliyo nje ya mji na kusubiri jibu kutoka huko.

Badiliko la tatu ndilo lililozua ugomvi. Kama picha ya mkalimani imekwama kwa zaidi ya sekunde mbili, mfumo unakata na sauti pia. Simu yote inakufa, na tableti inaonyesha rangi nyekundu tupu. Ndani ya nusu dakika inapigwa upya kupitia laini nyingine, kwa mkalimani yuleyule.

Kwa mafundi hili ni jambo la ajabu. Kazi yao yote ni kuokoa kilichobaki: picha ikifa, angalau sauti isalimike. Trafiki anakiua kwa makusudi kile kinachosalimika. Rafiki zake wa zamani wa kuvuta nyaya walimcheka, mmoja akamuuliza kama siku hizi analipwa kwa kuharibu.

Simu zinazokatika ziliongezeka kutoka mbili kwa kila mia hadi tano. Mkataba na hospitali unahesabu simu zilizokatika, na msimamizi aliitwa kujieleza mbele ya bodi. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyefanya ukalimani miaka ishirini kabla ya kupewa ofisi. Mjumbe mmoja alimuuliza kama amekuja kuwaahidi huduma mbovu zaidi. Alijibu kwamba ndiyo, kwa kiasi hicho. Kisha akawaeleza kuhusu mwanamke aliyeitikia kwa kichwa mbele ya picha iliyoganda. Mkataba ukaendelea.

Yeye ndiye aliyeongeza kanuni ya wakalimani. Simu ikirudi baada ya kukatika, mkalimani hamuulizi daktari aliishia wapi. Anamgeukia kiziwi kwanza na kumuuliza: mwisho umeona nini?

Saa nne kasoro dakika mbili. Trafiki amekaa kwenye stoo, mikono katikati ya magoti. Hawezi kumwona mama. Kwa kanuni za kituo hakuna anayetazama simu ya mtu, fundi akiwa wa kwanza kukatazwa. Anachokiona ni mistari miwili ya kijani kwenye kompyuta, mmoja wa picha na mmoja wa sauti, yote ikitoka kibanda namba nne kupitia kebo.

Dakika zinapita. Anajua mama anaonyesha kitu pale mstari wa sauti unapopanda, kwa sababu ndipo mkalimani anapotamka. Unaposhuka, daktari ndiye anayesema. Kwa dakika nyingi za mwanzo unashuka tu.

Dakika ya kumi na nne mstari wa picha unalala. Sekunde moja. Mbili. Wa sauti nao unakatika. Trafiki anasimama, kichwa kinagonga rafu, wala hakishiki. Hakuna cha kufanya. Agizo alikwishalitoa mwaka jana, na sasa linatekelezwa kwa mama yake, katikati ya sentensi ya daktari. Naona midomo yake inahesabu. Ilipofika kumi na tisa, mistari miwili mipya ilitokea, safari hii kwenye dishi.

Mstari wa picha ukawa wa kwanza kupanda. Mkalimani alikuwa anamuuliza mama swali.

Simu ilichukua dakika arobaini na moja. Kuelekea mwisho mstari wa sauti ulipanda, ukakaa juu kwa muda mrefu. Mama alikuwa na mengi ya kusema. Trafiki hakujua ni yapi, na mkalimani wa kibanda namba nne alipotoka kunywa maji alimpita mlangoni akitazama sakafu, kwa sababu kiapo ni kiapo.

Saa saba mchana mama mwenyewe aliingia kituoni na mkoba wake begani, akatembea akigusa ukuta kwa mkono wa kulia. Alikaa kwenye benchi la ukumbini. Msimamizi alikuja kunitafsiria, na mama alipoulizwa kama ana pingamizi mimi kuandika, alinitazama kwa jicho lake moja lenye utani.

"Aandike," alisema. "Nimekaa kimya miaka sitini na mitatu."

Akasimulia. Daktari alikuwa anaeleza operesheni inavyofanywa na faida zake, na yeye alikuwa anaelewa vizuri. Kisha tableti ikawa nyekundu. Mkalimani aliporudi akamuuliza mwisho ameona nini. Mama akajibu kwamba ameona maneno "operesheni inaweza pia", na hakuona inaweza nini. Daktari alipumua kwa nguvu, maana alikwishafika mwisho wa maelezo. Lakini akarudia. Operesheni inaweza pia kulimaliza jicho. Uwezekano ni mdogo, ila upo.

Hapo mama akauliza maswali yake. Kama ni yeye, daktari angefanya lini? Leo, daktari alisema, au wiki ijayo. Jicho linaweza kungoja muda gani bila kuharibika sana? Daktari hakulipenda swali hilo. Akasema labda wiki nane, kwa dawa bila kukosa na kupimwa kila juma, na kwamba asingemshauri. Mama akamwambia amemwelewa, amemshukuru, na hakubali kwa sasa. Atarudi baada ya wiki nane.

Trafiki aliinuka. Mikono na mdomo vilizungumza pamoja. "Mama, hilo jicho halingoji. Daktari amekwambia leo. Kwa nini umekataa?"

"Mkeo anajifungua baada ya wiki sita," mama alisema. "Kuna uso sijauona bado."

Akasema kama operesheni itakwenda vizuri, heri. Isipokwenda, atakuwa ameshamwona mjukuu wake, na mtoto atakuwa ameshaiona mikono ya bibi yake ikisema naye. Zile wiki mbili zilizozidi ni za mtoto kufungua macho vizuri. Alikuwa amezihesabu.

Trafiki alikwenda kwenye stoo yake akafunga mlango, na ukumbi mzima ukajifanya una shughuli. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Nilitaka aseme ndiyo," aliniambia baadaye. "Nilikuja asubuhi nikiomba laini isikatike ili asikie vizuri, akubali, jicho lipone, na mimi nipone. Yeye amesikia vizuri, akakataa. Nimeumia, sikufichi. Lakini kama ingekuwa ile njia yangu ya zamani, angeitikia tu, na kesho wangempasua."

Mpaka jioni alikuwa amebandika kalenda juu ya rafu na kuweka alama nane, moja kila Jumatatu, siku ya mama kupimwa presha ya jicho. Ya mwisho, ya operesheni, ina duara. Ameshaomba ruhusa ya siku hiyo, na ameandika kurasa nne za maelekezo kwa msimamizi, jinsi ya kusoma mistari na nini cha kufanya dishi likianza usumbufu. Msimamizi amezisoma akasema ukurasa wa tatu una matusi. Trafiki anasema ni maneno ya kiufundi.

Siku ya duara, mkalimani ataingia na mama kwenye tableti hadi mlango wa chumba cha operesheni, na ndiye atakayemweleza matokeo atakapoamka, mazuri au mabaya. Mama amekataza mwanawe asiwepo chumbani mpaka hapo atakapoambiwa yeye kwanza. Trafiki atakaa nje kwenye benchi pamoja na mkewe na mtoto.

"Toka nizaliwe, habari za mama zimepitia kwangu kabla ya kumfikia," anasema. "Mara hii ataijua yeye, halafu atatoka mtu aniambie. Nitangoja kama watoto wengine."